Samaki mvuvi wa vilindini juu ya maji mchana kweupe: uchambuzi wa kisa cha Tenerife

Kisa kwa ufupi

Tarehe 26 Januari 2025, samaki mvuvi wa vilindini, mweusi, jike, alionekana akiogelea karibu na uso wa bahari mchana kweupe, kilomita mbili hivi kutoka Playa San Juan, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Uhispania. Waliomwona walimrekodi, wakakaa naye kwa muda, na alipokufa wakaupeleka mwili wake makumbusho. Mwanzoni mwa Februari video yake ilikuwa imeenea duniani kote.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu maamuzi yote ya maana yalifanywa na watu wachache ndani ya mashua, bila maandalizi, wakiwa wametoka kwa shughuli nyingine kabisa. Hali ya namna hiyo inaweza kumkuta mvuvi wa mshipi, mzamiaji, nahodha wa mashua ya watalii au mwanafunzi wa sayansi ya bahari. Majina ya watu na la shirika lao nimeyaondoa. Kisiwa, tarehe na aina ya samaki nimevibakiza, kwani ukiviondoa huwezi tena kuyaeleza mazingira, na mazingira ni nusu ya kisa hiki.

Usuli: samaki gani huyu

Jina lake la kisayansi ni Melanocetus johnsonii. Kwa Kihispania huitwa diablo negro, shetani mweusi, na nadhani jina hilo liliisukuma video kuliko biolojia yoyote. Wanasayansi wanamfahamu tangu zamani. Mwaka 1864 Albert Günther wa British Museum alichapisha maelezo ya kwanza ya aina hii kutokana na samaki mmoja aliyepatikana Madeira, kisiwa kilicho kaskazini mwa Kanari, kwa mkono wa Mwingereza aliyeishi huko, James Yate Johnson. Tumboni mwa samaki yule mlikutwa samaki mwingine, mrefu kuliko aliyemmeza, amekunjwakunjwa. Likumbuke tumbo hilo, tutalirudia.

Jike ndiye mwenye sura inayochorwa kila mahali: kichwa kikubwa, kinywa kilichoelekea juu, meno marefu membamba yanayolala kuelekea ndani ili kilichoingia kisitoke, na ufito mfupi juu ya pua wenye kidutu cha nuru kwenye ncha, chambo cha kuvutia mawindo, ndicho kilichompa jina la mvuvi. Nuru hiyo hutolewa na bakteria wanaoishi ndani ya kidutu hicho. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba samaki hawapewi bakteria hao na mama zao. Kila mmoja huwapata majini katika maisha yake mwenyewe. Ngozi nayo imekwenda mbali. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilitangaza aina 16 za samaki wa vilindini ambao ngozi yao hurudisha chini ya nusu asilimia ya mwanga unaoipiga, na jamaa mmoja wa samaki wetu, Oneirodes, alirudisha asilimia 0.04 tu. Mwenye taa usoni na ngozi inayong'aa angejianika mwenyewe. Akiwa na ngozi ya namna hii, mawindo huiona taa bila kumwona mwenye taa.

Hana kibofu cha hewa. Misuli yake ni laini, mwili umejaa maji, na hakuumbwa kwa kukimbia. Huelea na kungoja.

Kwa kimo hatishi. Jike mzima hafiki sentimita 20. Dume ana sentimita tatu hivi, hana taa, na kazi yake kubwa ni kumtafuta jike gizani. Hapa niondoe kosa moja lililorudiwa sana wakati ule. Katika jamii kadhaa za samaki wavuvi wa vilindini, dume humng'ata jike, nyama zao zikaungana, damu ikawa moja, akabaki amening'inia hapo maisha yake yote. Wa Melanocetus hafanyi hivyo. Hujishika kwa muda, kisha huachia. Waliokuwa wakimtafuta "mume aliyeganda ubavuni" kwenye picha za Tenerife walikuwa wakimtafuta samaki wa ukoo mwingine.

Mazingira: mteremko wa volkano na maji ya kati

Ukisoma maoni yaliyoandikwa chini ya video ile, utadhani samaki huyu alikuwa amelala kwenye matope ya sakafu ya bahari, siku moja akaamua kupanda. Sivyo. Melanocetus ni mkazi wa maji ya kati, yaani ile bahari iliyo chini ya mwanga na juu ya sakafu, isiyo na mwamba wala tope la kushikia. Huko hukaa kati ya mita 200 na 2,000. Kuanzia mita 200 mwanga wa jua hautoshi tena kwa mimea, na kufika mita 1,000 giza limekamilika.

Wanaokaa sakafuni wapo, ila ni ndugu zake. Lophius hulala juu ya mchanga na matope, rangi yake ikifanana na sakafu, na hupunga chambo chake mbele ya kinywa. Huyu ndiye anayeuzwa masoko ya Uhispania kwa jina la rape, na naamini wengi walioshtuka kumwona shetani mweusi wameshamla binamu yake kwa wali. Chaunax, mwekundu na mviringo, hukaa kwenye miteremko ya kina. Jamii ya Ogcocephalidae hutembea sakafuni kwa mapezi kana kwamba ni miguu. Hata katika kundi lenyewe la wavuvi wa vilindini kuna walioshuka mpaka chini: Thaumatichthys, ambaye taa yake imo kwenye paa la kinywa, alivuliwa na meli ya utafiti ya Denmark, Galathea, mwaka 1952 mbele ya Costa Rica, kwenye kina cha mita 3,590. Na mwaka 1999 chombo kisicho na mtu kilimrekodi Gigantactis, katika maji ya mita 5,000 hivi kati ya Hawaii na California, akielea chali karibu na sakafu, ufito wake mrefu ukining'inia kuelekea chini. Kabla ya hapo michoro yote ilimwonyesha kifudifudi.

Tofauti hii ya makazi ina maana kwa kisa chetu. Samaki wa sakafuni akionekana juu, amepoteza sakafu yake. Samaki wa maji ya kati hajapoteza chochote cha kushikilia; kilichobadilika kwake ni kina, baridi, giza na wale wanaomzunguka.

Tenerife yenyewe inaeleza kwa nini jambo hili lilitokea karibu hivyo na ufuo. Visiwa vya Kanari ni vilele vya volkano zilizoinuka kutoka sakafu ya Atlantiki. Havina uwanda mpana wa maji mafupi kama ulio mbele ya Ghuba ya Ungwana au mlango wa Rufiji. Upande wa kusini-magharibi, ukitoka ufuoni kilomita chache tu, kina kimepita mita 1,000. Ndiyo sababu eneo hilo lina nyangumi wa aina ya Globicephala macrorhynchus wanaoishi hapo mwaka mzima. Vifaa walivyobandikwa migongoni vimeonyesha kwamba huzamia hadi karibu mita 1,000 mchana kufuata ngisi. Watalii wanaowatazama nyangumi hao kutoka sitahani wako juu ya makazi ya Melanocetus bila kujua.

Kwa hiyo kwa umbali wa kwenda kando, samaki huyu hakuwa mbali na kwao. Safari yake ilikuwa ya kwenda juu.

Yaliyotokea

Kikundi kidogo cha watu wa uhifadhi kilikuwa baharini kufuatilia papa wa bahari kuu. Wakiwa njiani kurudi bandarini, mwanabiolojia mmoja aliona kitu cheusi majini ambacho hakikufanana na plastiki wala takataka nyingine. Mashua ikasogezwa. Mpiga picha wa kikundi akamrekodi samaki: mweusi, kinywa wazi, akiogelea kwa kusimama wima, pua juu, katika maji ya buluu yenye jua.

Alikuwa na majeraha na hali yake ilikuwa mbaya. Wakamwangalia kwa muda. Saa chache baadaye alikufa, na mwili ukapelekwa Museo de Naturaleza y Arqueología, Santa Cruz de Tenerife.

Picha zilipotolewa, kikundi kilieleza kwamba huenda hii ni mara ya kwanza kwa samaki mzima wa aina hii kurekodiwa akiwa hai, mchana, juu ya maji. Kuhusu sababu ya kupanda kwake walitaja mambo matatu yanayowezekana: ugonjwa, mkondo uliompandisha, au kumkimbia adui. Hawakuchagua mojawapo.

Kisha mitandao ikamchukua. Wapo waliomtungia mashairi, wapo waliomchora, wapo waliolia. Simulizi iliyotamba zaidi ilisema alikuwa mzee aliyeishi gizani maisha yake yote, akapanda kuona jua kabla ya kufa.

Maamuzi, na uzito wa kila moja

Uamuzi wa kwanza ni ule wa kugeuza mashua. Unaonekana mdogo, lakini nauweka juu kuliko mengine. Watu waliochoka na wanaorudi nyumbani huwa hawageuki kwa ajili ya doa jeusi. Aliyeliona alikuwa na macho yaliyozoea: alijua plastiki inavyoelea, kwa hiyo aliweza kutambua kisichoelea namna hiyo. Mazoea ya kutazama takataka kila siku ndiyo yaliyomfunulia samaki.

Uamuzi wa pili ni kumrekodi akiwa majini. Samaki huyu nje ya maji hulegea, tumbo likashuka na ngozi ikakunjamana. Picha nyingi za vitabuni za wavuvi wa vilindini ni za miili iliyokwisha kukaa kwenye chupa, imekauka umbo, na ndizo zilizowafanya watu waamini kwamba samaki hawa ni mazimwi. Dakika moja ya kuona mapezi yakipiga na mwili ukishika wima ina thamani ya kisayansi, hata kama samaki ni mgonjwa, mradi msomaji aambiwe ni mgonjwa.

Uamuzi wa tatu ni wa kutokulazimisha uokoaji, na huu ndio uliolaumiwa zaidi na watazamaji. Mbona hawakumrudisha chini? Swali ni la huruma, lakini tuliangalie. Kuna vifaa vya kuwashushia samaki wa miamba waliovimba kibofu cha hewa baada ya kuvutwa kwa mshipi, na hufanya kazi kwa sababu tatizo la samaki hao ni gesi. Wakirudi chini, gesi husinyaa. Melanocetus hana kibofu, kwa hiyo gesi ya kibofu chake haikuwa ndiyo iliyomwumiza. Alikuwa na majeraha, na alikuwa ametoka kwenye maji ya baridi akaingia ya karibu nyuzi 19 au 20. Kumfunga kwenye kizito na kumshusha mamia ya mita kungekuwa kumzika akiwa hai, bila mtu yeyote kujua kilichofuata. Tangi la maonyesho nalo lingehitaji baridi na giza ambavyo hakuna mashua ya kufuatilia papa inayovibeba. Mimi naona walifanya sawa.

Uamuzi wa nne: kuuchukua mwili. Uamuzi wa tano: kumkabidhi kwa makumbusho ya kisiwa chenyewe, si kumweka kwenye friji ya shirika kama kumbukumbu, wala kumsafirisha kwa anayelipa zaidi. Makumbusho ina rejista, namba, vimiminika vya kuhifadhia, na watu watakaokuwapo hapo miaka 50 ijayo.

Matokeo

Samaki amebaki kama kielelezo cha kudumu chenye tarehe, mahali na rekodi ya mwenendo wake akiwa hai. Mchanganyiko huo ni adimu. Vielelezo vingi vya kundi hili vilitoka kwenye nyavu zilizovutwa kupitia mamia ya mita za maji, ambapo hujui hasa alinaswa kina gani wala alikuwa akifanya nini.

Kwa upande wa watu, mamilioni walijifunza kwamba samaki huyu yupo. Wangapi walijifunza kwamba yuko makumbusho, hilo ni jambo jingine.

Uchambuzi: kilichoshikilia

Faida ya kuuchukua mwili inaonekana vizuri ukilinganisha na kilichotokea California mwaka 2021. Mwaka ule samaki mvuvi wa aina nyingine, Himantolophus sagamius, alisukumwa ufuoni zaidi ya mara moja, ingawa katika historia vielelezo vyake vinavyojulikana havizidi makumi machache. Wa mwezi Mei, Crystal Cove, alichukuliwa na kuhifadhiwa. Wa Novemba, kwenye ufuo wa San Diego, alipigwa picha nzuri na mpita njia, lakini mwili haukuokotwa, ukapotea. Wa Desemba, Encinitas, alifika kwenye mkusanyiko wa taasisi ya utafiti wa bahari, Scripps Institution of Oceanography. Yule wa Novemba amebaki picha tu: huwezi kuhesabu mapezi yake, kukata kipande cha nyama kwa ajili ya vinasaba, wala kufungua tumbo.

Ukitaka mfano mkongwe zaidi, samaki mvuvi wa vilindini wa kwanza kabisa kuelezwa kisayansi, Himantolophus groenlandicus, alitokana na mabaki yaliyotupwa ufuoni Greenland mwaka 1833, na mwanazoolojia Mdenmark, Reinhardt, akayaandikia mwaka 1837. Mabaki yale yalikuwa yameharibika, lakini aliyeyaokota alianzisha elimu nzima ya kundi hili.

Kilichoshikilia kingine ni neno "huenda". Kikundi hakikusema kimevunja rekodi, na kilitaja sababu tatu bila kuibeba mojawapo. Baadhi ya vichwa vya habari vililiangusha neno hilo njiani, vikaandika kwamba samaki huyu hajawahi kurekodiwa hai. Aliwahi. Novemba 2014 taasisi ya MBARI ya California ilimrekodi jike wa sentimita tisa katika bonde la Monterey, kwenye kina cha mita 580 hivi, kwa chombo kinachoendeshwa kutoka melini. Kipya cha Tenerife kilikuwa mahali na saa: juu, na mchana. Tofauti hiyo ilikuwamo katika maelezo ya mwanzo kwa yeyote aliyeyasoma mpaka mwisho.

Uchambuzi: kilichovuja

Kimo. Katika video iliyosambaa samaki amejaza fremu na hakuna kitu cha kumpimia. Mtazamaji akamjazia ukubwa kutoka kwenye katuni, wengi wakadhani ni wa mita moja au zaidi. Habari kwamba hazidi embe kubwa ilipofika, ikapokelewa kama utani, na huruma ikaongezeka maradufu. Kosa hili ni la kawaida na dawa yake ni rahisi: fremu moja tu, hata mbaya, yenye mkono, rula au kamba yenye vifundo kando ya samaki, nayo itolewe siku ileile pamoja na picha nzuri.

Pengo la maelezo. Video yenye sekunde chache husafiri peke yake. Maelezo yake hubaki nyuma. Maneno "jike, mzima, mgonjwa, mdogo, amepelekwa makumbusho" yalipaswa kuandikwa juu ya picha yenyewe. Yasipokuwamo, kila anayepakua na kupakia upya anaanza hadithi yake.

Ndipo simulizi ya kwenda kuona jua ikapata nafasi. Sina ugomvi na machozi ya watu kwa ajili ya samaki. Ni afadhali kuliko kelele za kuchukia. Lakini simulizi ile imemnyima samaki maisha yake halisi, ambayo yana mvuto zaidi. Wachanga wa kundi hili huishi katika mita 200 za juu, mahali penye mwanga, wakila vijidudu vya maji. Wakifika umri wa kugeuka, hushuka. Kwa hiyo jike huyu aliujua mwanga kabla ya kulijua giza. Macho yake hayakuendelea kukua pamoja na mwili baada ya kushuka, na katika samaki mzima ni madogo mno. Kama kuna "kurudi" katika kisa hiki, ni kurudi kwenye maji ya utotoni akiwa amepoteza vifaa vya kuyatumia.

Kwa nini alipanda

Sababu zilizotajwa hazina uzito sawa.

Mkondo peke yake naupa nafasi ndogo. Nyuma ya visiwa vya Kanari maji huzunguka kwa vimbunga vikubwa vya polepole, na ndani yake yapo maji yanayopanda. Lakini mpando wa namna hiyo huwa wa mita chache au makumi ya mita kwa siku. Samaki mwenye nguvu ya kawaida, hata mvivu kama huyu, anaweza kushuka haraka kuliko anavyopandishwa. Mkondo unaweza kummalizia safari aliyekwisha kudhoofika, ila si kuianzisha.

Kumkimbia adui kunawezekana, na majeraha yanaelekea huko, hasa mahali penye nyangumi wanaozamia mchana. Hata hivyo majeraha huweza kupatikana juu pia: samaki mlegevu juu ya maji hudonolewa na kila mpita njia. Bila kuyachunguza majeraha yenyewe kwa karibu huwezi kujua yapi yalitangulia.

Ugonjwa unaeleza kuogelea wima na kutoshuka, lakini ni jina la jumla, lisilosema ni ugonjwa gani.

Kuna sababu ya nne ambayo wataalamu wa kundi hili huitaja, nami naiona inastahili kuangaliwa kabla ya zote: chakula. Turudi kwenye tumbo la yule samaki wa Madeira. Samaki huyu humeza mawindo marefu kuliko yeye, na mawindo hayo mara nyingi yana kibofu cha hewa hata kama yeye hana. Kwenye kina cha mita 500 mgandamizo ni mara 51 hivi ya ule wa juu. Gesi iliyomo kwenye kibofu cha aliyemezwa, ikianza kupanda, hutanuka. Ikitanuka humwinua zaidi. Akiinuka hutanuka zaidi. Meno yake yanayolala kuelekea ndani hayamruhusu kutema. Anayeelea hivyo angeonekana amejaa tumbo, pua juu, akipigana kushuka bila kuweza.

Video haiwezi kuamua kati ya sababu hizi. Tumbo linaweza, na picha ya eksirei ingelionyesha bila hata kisu. Matamvua yanaweza kuonyesha vimelea. Mifuko ya mayai inaweza kuonyesha kama alikuwa katika msimu wa kuzaa. Vijiwe vya sikio hutoa umri, na hapo neno "mzee" lililoimbwa sana lingepata jibu. Ndiyo maana, katika maamuzi yote ya siku ile, naupa uzito ule wa kuupeleka mwili makumbusho kuliko ule wa kubonyeza kamera.

Ingetokea upande wetu

Si jambo la mbali. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una kina cha zaidi ya mita 700, nao uko karibu na vijiji vya wavuvi pande zote mbili. Meli ya utafiti ya Kijerumani, Valdivia, ilipopita Bahari ya Hindi na kutia nanga Dar es Salaam mwaka 1899, ilikuwa imebeba samaki wa vilindini kwa wingi. August Brauer, aliyewaandikia baadaye, ndiye aliyemtangaza Gigantactis vanhoeffeni mwaka 1902 kutokana na safari hiyo. Na tunao uzoefu wetu wa samaki wa kina kuletwa pwani na watu wa kawaida: silikanti walioanza kunaswa kwenye majarife ya papa nchini Tanzania mwaka 2003, wengi wao Tanga, hadi Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikatangazwa mwaka 2009. Bila wavuvi kuwabakiza wale samaki na kuwaita watu wa serikali, kusingekuwa na cha kuhifadhi.

Kwa hiyo, ukimkuta majini samaki mweusi mwenye taa puani: mpige picha kwanza akiwa majini, moja wapo ikiwa na kitu cha kipimo. Andika saa, mahali kwa GPS ya simu, na kina kama chombo kina kipimo. Usimpasue, usimwoshe kwa maji ya bomba, usimkaze mkononi, maana ngozi huchubuka na ufito hukatika. Akifa, mweke kwenye mfuko wenye maji kidogo ya bahari, mfuko ndani ya barafu. Kama safari ya kurudi ni ndefu, mgandishe. Usimtie kwenye chumvi. Ukifika nchi kavu piga simu TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania), KMFRI ya Mombasa (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) au Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja. Wao watakata kipande cha msuli na kukitia kwenye alkoholi kali kwa ajili ya vinasaba kabla ya mwili kuingia kwenye formalini, kwa sababu formalini hushika umbo lakini huharibu vinasaba, na utaratibu huo ukigeuzwa hakuna namna ya kuurekebisha.